DAWA YA KUTIKISA
Juu ya nini unga unashuka chini ya chupa?



Nyumbani kwako chukua makopo mawili ya maji. Mu kopo la kwanza tia kijiko cha chumvi, ukoroge. Mu kopo la pili tia kijiko cha unga wa mihogo, ukoroge vilevile. Fanya kazi yako ingine, kisha rudi kuangalia. Chumvi hauioni tena. Imeyeyuka, imeenda mu maji yote. Ukionja juu ao chini, ni ileile. Lakini unga haukuyeyuka. Umeshuka, umelala chini ya kopo.

Serumu ya kunywa, ile tunayompa mutoto anayehara, iko sawa na chumvi. Lakini dawa nyingi za watoto, kama amoxicilline ya chupa, ziko sawa na unga wa mihogo. Dawa yenyewe ni ule unga. Maji yanaubeba tu.

Mama mmoja aliona unga chini ya chupa, akafikiri dawa imeoza. Alimwaga, na mutoto akabaki na ugonjwa wa mapafu bila dawa. Ile dawa ilikuwa nzuri kabisa! Ilitaka kutikiswa tu.

Kama hautikisi, itakuwa namna gani? Siku za kwanza mutoto anakunywa maji matamu, dawa iko kidogo sana. Vidudu havikufi, homa haishuki, na wewe unasema munganga alikudanganya. Siku za mwisho anapata unga mwingi kupita kipimo. Kwa paracetamol hii ni hatari, kwani ikipita kipimo inaweza kuharibu maini. Basi tikisa chupa kila mara, asubuhi na mangaribi, hata kama ulitikisa jana. Geuza chupa, angalia chini: kama unga ungali umeshikamana, tikisa tena. Mimina palepale, usingoje. Pima na kijiko ao kikombe kidogo kilichokuja na dawa. Vijiko vya nyumbani haviko na kipimo kimoja.

Chupa zingine tunakupa na unga mukavu, utie maji mwenyewe. Hapa wamama wengi wanakosea. Chemsha maji, uache yapoe kabisa, kwani maji ya moto yanaharibu dawa. Gonga chupa na mukono ili unga uachane. Tia maji nusu, funga, tikisa kwa nguvu. Povu itapanda na kuficha alama; ngoja ishuke, ndipo uongeze maji mpaka ku alama. Usipitishe hata kidogo. Tikisa tena. Kisha weka chupa pahali pa baridi, mbali na jua na moto. Unga mukavu unadumu, lakini ukisha kutiwa maji nguvu yake inapungua: amoxicilline isiyowekwa mu frigo haipiti siku 7. Usimuwekee mudogo wake ile inayobaki.

Kidonge cha zinki, kile cha kuhara, ni jambo lilelile. Kinavunjika mu kijiko cha maji ao cha maziwa yako, lakini unga unabaki ku kijiko. Tia tena maji kidogo mu kijiko, umpe mutoto anywe yote. Mupe kila siku kwa siku 10, hata kama kuhara kumekwisha.

Ku chanjo pia utaona munganga anatikisa kachupa mbele ya kuchoma mutoto wa majuma 6, 10 na 14. Ile chanjo iko na chembe ndogo sana ndani yake. Kama iliganda ku frigo, chembe zinashikamana na kushuka upesi kama maziwa yaliyokatika, na munganga hataitumia. Usikasirike akienda kutafuta ingine.

Na kama umefika nyumbani na umesahau maji yanafika wapi, usijaribu. Rudi na chupa ingali mikavu, tutakutilia maji sisi wenyewe.