Rafiki aliyejua akanyamaza



Juma lililopita, tulipomaliza kugawa likilimba, mama mmoja muuza samaki aliniuliza: «Mama Mwalimu, hivyo vitabu vya hadithi unavyofundisha watoto vinatusaidia nini sisi?» Nilicheka, nikakosa jibu. Leo ninamjibu, na jibu langu linaanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna kitabu tulichosoma katika masomo ya Kifaransa, nilipokuwa natafuta diploma yangu ya ualimu. Kinaitwa Une si longue lettre, na kwa Kiswahili kimetafsiriwa kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Mwandishi wake, Mariama Bâ wa Senegal, alikuwa mwalimu kama mimi na alifanya kazi katika vyama vya wanawake kama ninyi. Kitabu kilitoka mwaka 1979 na mwaka 1980 kikapata zawadi ya Noma, zawadi kubwa ya vitabu vya Afrika. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe akafariki.

Kitabu chote ni barua ya mwanamke kwa rafiki yake. Ramatoulaye, mama wa watoto kumi na wawili, amefiwa na mume. Kwa desturi ya dini yake anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Katika siku hizo anaandika kwa Aissatou, rafiki yake tangu utoto, aliye mbali Marekani. Anamweleza jinsi mume wake, baada ya miaka mingi ya ndoa, alivyooa msichana aliyekuwa rafiki wa binti yao. Tangu siku ile mume hakukanyaga tena nyumbani. Nyumba ilijaa watoto, lakini mama alikuwa peke yake. Wamama wengi hapa Tchomia wanaujua upweke wa namna hiyo, upweke wa katikati ya watu.

Aissatou naye alikuwa amepita njia hiyo mbele. Mama mkwe hakumtaka kwa sababu baba yake alikuwa mfua dhahabu, si mtu wa ukoo mkubwa. Akamlea msichana wa ukoo wake, kisha akamtia mwanawe amwoe. Aissatou hakukubali. Alichukua watoto wake wanne, akaondoka, akarudi kusoma, akapata kazi ya ukalimani.

Nilipokuwa mwanafunzi nilisoma habari hiyo yote, lakini kuna mahali pamoja nilipita haraka. Ramatoulaye anakiri kwamba alijua. Kabla Aissatou hajajua kwamba mume wake anaoa mwingine, mji mzima ulijua, na rafiki yake alijua, akanyamaza. Nilipokirudia kitabu hicho miaka mingi baadaye, nilisimama hapo. Nilikuwa nimefanya vilevile.

Mnakumbuka mwanzo wa mwaka 2018, watu wa Djugu walipokimbia kwa maelfu, wakavuka Ziwa Albert kwa mitumbwi na boti mpaka Sebagoro, upande wa Uganda. Wengi wakapelekwa Kyangwali. Rafiki yangu alikuwa kati yao. Tulikuwa tumesoma pamoja, tukilala chumba kimoja na kula sombe ya sufuria moja. Alivuka na watoto. Bwana wake alibaki kulinda nyumba na nyavu.

Baada ya miezi, bwana yule akaingiza mwanamke mwingine katika nyumba ile. Kila asubuhi nilipita mbele yake nikienda masomoni. Nilimwona yule mama akifagia uwanja.

Kila Jumapili rafiki yangu alinipigia simu. Tulizungumza juu ya mvua, bei ya samaki, pointi za watoto. Kisha aliuliza: «Na Baba watoto, anaendeleaje?» Mimi nilijibu: «Nilimwona anapita, yuko mzima.» Halikuwa neno la uongo, na ndiyo maana liliniwia rahisi.

Nilijiambia kwamba ninamhurumia: yuko kambini na watoto wadogo, kwa nini nimwongezee mzigo? Huruma ilikuwapo, sikatai. Lakini chini yake kulikuwa na woga. Niliogopa ndugu za bwana, niliogopa jirani waseme mwalimu anavunja nyumba za watu. Nilijikinga mimi, nikasema ninamkinga yeye.

Karibu mwaka mzima ukapita. Ndipo akaambiwa na mchuuzi wa samaki aliyevuka ziwa. Alinipigia simu mara moja tu. Alisema: «Habari yenyewe iliniuma, dada. Lakini kilichonimaliza ni kuhesabu zile Jumapili zote.» Kisha simu ikakaa kimya.

Ni katika kimya hicho nilikirudia kitabu cha Mariama Bâ. Nilitaka kuona Aissatou alifanya nini na rafiki aliyenyamaza. Mwandishi hatuonyeshi akidai deni hilo. Anatuonyesha jambo lingine: Ramatoulaye alipoachwa na kuanza kuhangaika katika mabasi, kusukumwa na kuangaliwa na watu, Aissatou alimnunulia motokari, Fiat 125, bila kuombwa. Tena Ramatoulaye aliamua kubaki katika ndoa, njia ambayo Aissatou mwenyewe aliikataa. Urafiki wao haukuvunjika kwa hilo. Kila mmoja alimwachia mwenzake njia yake.

Mimi sikuwa na haki ya kungoja wema kama ule. Likizo ilipofika nilipanda boti, nikavuka. Nilimkuta anapika maharagi. Nilimwambia: «Nilijua, nikanyamaza kwa woga.» Sikuongeza sababu nyingine. Alinipa kiti, akaendelea kukoroga. Tulikula na watoto. Usiku tu ndipo alipofungua kinywa: «Siku nyingine, hata kama ni mbaya, niambie wewe.» Urafiki wetu haujarudi kama zamani. Lakini Jumapili anapiga tena, na anapouliza, ninajibu.

Wale wasiokijua kitabu cha Senegal wanamjua Naomi wa Biblia. Naye alivuka mpaka kwa sababu ya njaa, akaenda Moabu na mume na wana wawili, na wote watatu wakafia huko. Aliporudi Betlehemu aliwaambia wanawake kwamba amerudi mikono mitupu. Na wakati ule Ruthu alikuwa amesimama kando yake! Ameacha nchi na ndugu kwa ajili yake, lakini uchungu ulimzuia Naomi kumwona. Mwisho wa kitabu, ni wanawake wa mji wanaomwambia Naomi kwamba mkamwana huyu anamfaa kuliko wana saba. Aliyefungwa macho na huzuni alihitaji kundi la wanawake wamwonyeshe aliye naye.

Basi, mama muuza samaki, jibu langu ni hili. Kitabu kilinionyesha kosa langu wakati hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuniambia. Kutoka humo nimeshika mambo matatu, mnaweza kuyazungumza katika vikundi vyenu.

La kwanza: kama kuna habari ambayo kartie yote inaijua isipokuwa mwenyewe, rafiki amwendee yeye kwanza, peke yake. Aseme alichokiona kwa macho, asiseme kilichosemwa kisimani. Akiisha kusema, asimwamulie la kufanya.

La pili: angalieni kiti kilicho kitupu. Mama asiyefika likilimba mara mbili, tatu, pengine hana franga, na anaona haya. Msingoje aombe.

La tatu: kama umekwisha kukosa, vuka. Usitume mtu, wala usingoje mwaka. Boti ya kwenda ng'ambo hukawia, lakini mimi nilikawia zaidi yake.