Kwa nini Fuso hutoa moshi mweusi mlima wa Sekenke

Na Mwandishi Wetu, Shelui

MSAFIRI atokaye Igunga kwenda Singida hupita Shelui, mji mdogo wa Wilaya ya Iramba ulio chini ya mlima wa Sekenke. Hapo ndipo injini za malori hupimwa nguvu. Lori lililosheheni mpunga au pamba likianza kupanda, dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho, na mara nyingi wingu jeusi hutanda nyuma yake.

Wapo wanaoamini kuwa moshi huo ni dalili ya injini yenye nguvu. Ukweli ni kinyume chake. Masizi hayo ni dizeli ambayo mwenye gari ameilipia kituoni, kisha ikatupwa barabarani bila kuungua yote.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Pistoni huigandamiza hewa ndani ya silinda hadi joto lake lizidi nyuzi 500, ndipo nozeli hupuliza dizeli, nayo ikawaka yenyewe. Dereva akitaka nguvu zaidi, kinachoongezwa ni mafuta. Yakizidi hewa iliyopo, sehemu inayokosa oksijeni hugeuka masizi.

Mfano mzuri ni Mitsubishi Fuso yenye injini ya 6D16, ya silinda sita na ujazo wa lita 7.5. Ile isiyo na tabo huvuta hewa kwa pistoni zake tu. Uwanda wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Pampu ya kimakanika iliyorekebishwa kwa hewa ya pwani huendelea kupeleka dizeli ile ile. Fundi akiifungua zaidi ili "kuongeza nguvu", hali huwa mbaya zaidi, na nozeli zilizochakaa hudondosha matone makubwa badala ya ukungu.

Injini za kisasa zimeikabili kasoro hii kwa kuongeza hewa kupitia tabo, kuipoza kabla haijaingia, na kutumia pampu inayojaza dizeli katika bomba moja la pamoja, kwa mgandamizo unaoweza kuzidi mara 1,600 ule wa hewa ya kawaida. Kompyuta ndiyo huamua kiasi na wakati wa kupuliza.

Hata hivyo, moto ukiwa mkali zaidi huzaa oksidi za naitrojeni, gesi zinazodhuru mapafu. Kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda hupunguza joto na gesi hizo, lakini masizi huongezeka. Ndiyo sababu watengenezaji waliongeza kichujio cha masizi katika ekzosi, pamoja na mtungi wa maji ya urea ambayo huzigeuza gesi hizo kuwa naitrojeni na mvuke. Kiwango cha Ulaya cha Euro I, cha mwaka 1992, kiliruhusu gramu 8 za oksidi hizo kwa kila kilowati-saa. Euro VI, kilichoanza mwaka 2013, kinaruhusu gramu 0.4.

Huko Japani, yanakotoka malori mengi yaliyotumika yanayouzwa nchini, Gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliwatikisia waandishi wa habari chupa ya masizi mwaka 1999. Kuanzia Oktoba 2003, malori ya dizeli yasiyokidhi kiwango cha masizi yalizuiwa kutembea Tokyo na mikoa mitatu jirani. Afrika Mashariki haikuwa na zuio la namna hiyo. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilitangaza mwaka 2012 kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani.

Injini hizo mpya zina masharti. Salfa nyingi katika dizeli huharibu vichujio, na nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango chake hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa, uliosababisha EWURA kuanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, huzikausha pampu zinazolainishwa na dizeli yenyewe. Na urea ikiisha njiani, kompyuta hupunguza nguvu ya injini, jambo ambalo dereva mwenye shehena hawezi kupenda limkute katikati ya Sekenke.