Ukuta wa mawe wa Bagamoyo na kifua cha mtoto

“Mamdogo, mbona ukuta huu unatoka unga?”

Aliyeuliza ni mtoto wa dada yangu, ana miaka saba. Tulikuwa kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, naye alikuwa amepitisha kiganja kwenye nyumba ya watu, nyumba ya mawe ya zamani iliyopigwa lipu ya saruji. Mkono ulijaa chengachenga nyeupe. Chini ya dirisha lipu ilikuwa imevimba na kuota weusi wa ukungu. Ndani mtoto alikuwa anakohoa.

Asubuhi ile tulikuwa tumetoka Dar es Salaam, kama kilomita 70 kwa njia ya Bunju na Mapinga, ili aone Ngome Kongwe. Yeye alitarajia mizinga tu. Hakujua kwamba ngome ile ilianza kama nyumba ya mtu: mfanyabiashara wa Kiarabu, Abdallah Suleiman Marhabi, aliijenga karibu mwaka 1860. Baadaye Sultani Barghash wa Zanzibar aliigeuza ngome, Wajerumani wakaichukua, na kwa miaka mingi ikawa kituo cha polisi.

Ukiingia saa saba mchana, jua likiwa kali, unaelewa kwa nini matajiri wa pwani walijenga hivyo. Ndani kuna ubaridi bila feni. Kuta ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, na katikati kuna ua wa kupitisha hewa. Katika nyumba za aina hii vyumba huwa vyembamba na virefu. Si ubahili. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba.

Siri kubwa iko kwenye chokaa. Matumbawe huchomwa, unga wake huchanganywa na maji na mchanga, kisha ukikauka huvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa kama jiwe. Lakini hubaki na vitundu vidogo. Unyevu unaopanda kutoka ardhini au kuletwa na mvua huingia ukutani, halafu jua likitoka hupata njia ya kutokea. Tena chokaa mbichi ni kali, ukungu hauipendi. Ndiyo maana wazee walikuwa wakipaka chokaa upya mara kwa mara.

Saruji haipitishi unyevu hivyo. Fundi akiipiga juu ya ukuta wa matumbawe, nyumba hupendeza msimu mmoja tu. Maji yanafungiwa ndani, chumvi inasukuma lipu hadi inavimba na kupukutika, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaanza kuoza. Ule unga aliouona mwanangu ulikuwa chumvi hiyo.

Hapo ndipo nyumba inapoingia kwenye ukurasa huu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, lilieleza kuwa wanaoishi kwenye nyumba za namna hiyo hupata zaidi matatizo ya kupumua na pumu. Mtoto mwenye pumu akilala ameegemea ukuta wa hivyo, dawa zinafanya kazi huku kinachomchokoza kikiwa sentimita chache tu kutoka puani.

Kama unaishi kwenye nyumba kama hizi, anza na bati linalovuja na maji yanayotuama kwenye msingi. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuuficha tu. Sogeza kitanda mbali na ukuta, fungua madirisha kila asubuhi. Ukitaka kukarabati, tafuta fundi anayejua chokaa, na upite kwanza ofisi ya Mambo ya Kale pale pale Bagamoyo, kwa sababu baadhi ya majengo hayo yanalindwa kisheria. Najua saruji inapatikana kila duka na fundi wa chokaa ni wa kutafutwa.

Ila usiulaumu ukuta peke yake. Mtoto akikohoa wiki mbili au zaidi, mpeleke kituo cha afya achunguzwe, pamoja na kifua kikuu. Akipumua kwa shida au kifua kikitoa mlio kama filimbi, usisubiri hata siku moja.

Mwanangu alinawia mkono wake baharini. Njiani kurudi, kila ukuta tuliopita aliugonga kwa kidole, akiniuliza kama huo nao ni wa chokaa.