Mbwa wa Godauni na Maji ya Masika

Kariakoo si mtaa wa mbwa wa sebuleni. Nyumba nyingi ni za wapangaji, ua ni finyu, na katika familia nyingi za Kiislamu mbwa akifugwa ni kwa ajili ya ulinzi, naye hulala nje. Ukimtafuta mbwa wa pale utamkuta kwenye godauni la Gerezani, kwenye gereji, kwenye jengo ambalo halijakamilika, au chini ya meza za wachuuzi usiku watu wakishaondoka. Mlinzi humgawia ukoko wa ugali na mifupa. Maji anajitafutia mwenyewe, na maji yaliyo karibu na pua yake ni ya mtaroni.

Maji hayo ndiyo njia kuu ya leptospirosisi, ugonjwa ambao Watanzania wengi waliusikia kwa jina la homa ya mgunda. Ilikuwa Julai 2022, Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwatoa watu damu puani wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, haukuwa Ebola wala Marburg. Wagonjwa walikuwa 20, na watatu kati yao walifariki. Tangazo likapita, na mjini habari ikafungwa kama jambo la wakulima na mashamba yao. Haikustahili kufungwa. Ugonjwa huu hauulizi kama uko shambani au mjini. Unahitaji panya, maji yaliyotuama na kiumbe mwenye mchubuko au mdomo ulio wazi, na katikati ya Dar es Salaam vyote hivyo vimejaa.

Leptospira ni bakteria mwembamba aliyejisokota kama kizibuo cha chupa. Makazi anayoyapenda ni mirija ya figo. Panya akiambukizwa haugui. Hukaa na bakteria hao kwa miezi, pengine maisha yake yote, na huwatoa kila akikojoa. Mbwa akinywa maji yenye mkojo huo, akiyalamba au akiyakanyaga akiwa na jeraha kwenye wayo, bakteria hupenya na kuingia kwenye damu, kisha hushambulia ini na figo. Akipona bila kupewa dawa sahihi, yeye naye anaweza kuwatoa kwa mkojo wake kwa wiki kadhaa, hata miezi.

Aina za leptospira ni nyingi, na kila moja ina mwenyeji wake. Canicola imemzoea mbwa. Icterohaemorrhagiae ni ya panya, hasa yule mkubwa wa mitaroni. Ng'ombe na nguruwe wana za kwao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kule Morogoro, wamewafuatilia bakteria hawa kwa miaka mingi kwa panya, mifugo, mbwa na hata samaki wa bwawa la Mindu. Aina moja waliyoipata kwa ng'ombe imebeba jina la Sokoine, nayo iko katika kundi hilo hilo la Icterohaemorrhagiae.

Sasa tuje kwenye majira, maana hapo ndipo Dar es Salaam inapotofautiana na vitabu vingi vya tiba ya mbwa. Vitabu hivyo viliandikwa katika nchi za baridi, ambako wagonjwa huongezeka majira ya joto yanapoelekea kuisha, kisha barafu ikianguka bakteria walio nje hufa. Sisi hatuna barafu ya kutusaidia. Hata Julai, tunapotoa masweta asubuhi, joto la jiji linawatosha bakteria hawa kabisa. Kinachopanda na kushuka kwetu ni maji: masika kuanzia Machi hadi Mei, Aprili ikiwa kileleni, na vuli kati ya Oktoba na Desemba.

Mkojo wa panya ukikauka juani kwenye sakafu ya saruji, leptospira hufa upesi. Kwenye tope au dimbwi lisilo na chumvi wala tindikali, wanaweza kuishi wiki nyingi. Ndiyo maana mvua ina nguvu kiasi hiki. Hufurisha mashimo na kuwatoa panya nje, huosha mikojo iliyojificha chini ya mbao na magunia na kuisambaza barabarani, tena hulainisha ngozi ya nyayo mpaka mchubuko mdogo unakuwa mlango. Mkojo wa mbwa, ambao kwa kawaida una tindikali ya kuwadhuru bakteria, huzimuliwa na maji ya mvua hadi ukawa makazi salama. Hatari basi haipimwi kwa ukubwa wa mvua peke yake. Muda ambao maji yanakaa baada ya mvua kukatika una uzito ule ule, pengine zaidi.

Na Kariakoo maji hukaa. Mitaro imezibwa na maganda ya machungwa, maboksi na chupa za plastiki. Chemba za maji taka hufurika mtaa ukiwa umejaa watu na mikokoteni. Sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na mfumo wa majitaka, hivyo watu hutegemea vyoo vya shimo na makaro. Mvua kubwa ikinyesha wapo wanaotapisha vyoo usiku ili mafuriko yabebe uchafu bure. Kila anayeishi bondeni anaijua harufu ya asubuhi inayofuata.

Magharibi ya Kariakoo kuna Jangwani na bonde la Mto Msimbazi. Mto huo hupita Vingunguti, kwenye machinjio, kabla ya kufika huku chini, na ukifura hubeba taka za nusu ya jiji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mafuriko mengine yamefuata, na kila maji yanapopungua huacha tope na madimbwi, na mbwa ndio wa kwanza kuyapekua, kwa sababu humo ndimo chakula kilimobaki.

Mji wa Salvador nchini Brazil unafanana na wetu kwa joto, bahari na mitaa iliyosongamana. Mwaka 1996, mlipuko uliofuata mvua kubwa ulilaza watu 326 kwa aina kali ya ugonjwa huu. Tangu hapo watafiti wa huko wameonyesha mara kwa mara kwamba kuishi karibu na mtaro wa wazi wa majitaka huongeza uwezekano wa kuambukizwa. Anayefuga mbwa Masaki naye asijione yuko mbali. Mwaka 2021 Los Angeles, mji mkavu wenye mitaro mizuri, ilihesabu mbwa zaidi ya 200 waliougua, wengi wakiwa wametoka kwenye vituo vya kulelea mbwa, ambako wanyama hukaa pamoja na kukojoa pamoja.

Kiangazi hupunguza hatari bila kuimaliza. Mbwa wa mjini wakati huo hukusanyika kwenye maji machache yaliyopo: bomba linalovuja, sehemu ya kuoshea magari, maji ya vyombo ya mama lishe, barafu iliyoyeyuka chini ya meza ya samaki. Dimbwi moja la kudumu linalotumiwa na panya na mbwa wote wa mtaa si jambo la kudharau.

Dalili kwa mbwa huanza kati ya siku 4 na 12 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo wagonjwa wa mvua ya wiki hii wataonekana wiki ijayo na ile inayofuata. Mbwa hukataa chakula, hutapika, hutetemeka, hutembea kama aliyepigwa fimbo mgongoni. Anaweza kunywa maji mengi na kukojoa sana, au mkojo ukakatika kabisa, dalili mbaya zaidi. Fizi na weupe wa macho vikigeuka manjano, ini limeshaguswa. Walinzi wengi husema mbwa amelishwa sumu. Mara nyingine ni kweli, hasa palipomwagwa sumu ya panya. Lakini mbwa wawili wakigeuka manjano wakati wa masika, daktari wa mifugo aitwe kabla ya kumtafuta mbaya. Ugonjwa ukiwahiwa, penisilini na doksisaiklini hufanya kazi, na doksisaiklini ndiyo inayosafisha figo ili mbwa asiendelee kuambukiza.

Tusimfanye mbwa mshitakiwa. Mlinzi, mbeba mizigo na kijana wa kuzibua mitaro wanakanyaga maji yale yale, wengi kwa kandambili. Mbwa akiugua ametuonyesha tu kilichomo mtaani. Watu wakiugua ndipo tunapopotea njia. Utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa ulikuta 528 waliandikiwa kuwa wana malaria, wakati waliokuwa nayo kweli ni 14. Leptospirosisi ilikutwa kwa takriban mmoja kati ya kila wagonjwa 12 waliopimwa. Tukiongeza mazoea yetu ya kununua dawa ya taifodi dirishani bila kipimo, ni rahisi kuona kwa nini mjini ugonjwa huu hausikiki.

Kinga ya mbwa ipo. Chanjo nyingi hubeba Canicola na Icterohaemorrhagiae, na mpya zaidi hubeba makundi manne. Mbwa ambaye hajawahi kuchanjwa hupewa dozi mbili zikipishana wiki mbili hadi nne, kisha dozi moja kila mwaka, kwa kuwa kinga yake haidumu sana. Chanjo ya kichaa cha mbwa haimkingi na ugonjwa huu, na wenye mbwa wengi huzichanganya. Ukitaka masika imkute mbwa akiwa tayari, anza Januari. Ukisubiri hadi Aprili umechelewa.

Mwenye godauni ana wajibu hapa kuliko mlinzi. Bakuli la maji safi lijazwe kila siku na liinuliwe panya wasilifikie. Taka za chakula zisilale nje. Panya wauawe, lakini usafi utangulie, maana wakiuawa huku chakula kikibaki, wengine huingia kuchukua nafasi, na mbwa hula mizoga yenye sumu. Sakafu yenye mkojo ipigwe dawa ya klorini, na anayeiosha avae gambuti na glavu.

Na wewe mlinzi, au yeyote anayelala na mbwa getini: ukipata homa na maumivu makali ya misuli ya miguu wiki moja au mbili baada ya mvua, mwambie daktari kwamba ulikanyaga maji ya mtaro na kwamba mbwa wako anaumwa. Usingoje akuulize.