Je, Huyo Ng'ombe Ni Tasa Kweli?



Vikundi vingi vina mradi wa ng'ombe wa maziwa, ambapo ndama jike wa kwanza hupewa mwanachama anayefuata kwenye orodha. Ng'ombe akikaa mwaka mzima bila kushika mimba, hasara si ya mwenye boma peke yake. Yule mama anayengojea ndama naye anangoja bure. Halafu maneno yanaanza: ng'ombe ni tasa, auzwe kwa bucha. Ama anapita mtu na sindano ya "kuleta joto" na anaitisha pesa. Kabla ya kuzitoa, tuangalie kwanza kinachoendelea ndani ya mwili wa ng'ombe.

Homoni ni kama wajumbe. Zinatengenezwa sehemu moja ya mwili, zinasafiri kwa damu na kupeleka agizo sehemu nyingine. Mambo ya uzazi yanaanzia kwenye ubongo. Ubongo unatuma homoni kwenye ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai, na yai linaanza kukomaa. Hapo panatoka homoni iitwayo estrojeni, na hiyo ndiyo inaleta joto. Ng'ombe analia, hatulii, maziwa yanapungua, na ute mwangavu unaning'inia nyuma. Dalili kubwa ni kwamba akipandwa na wenzake anasimama tu, hakimbii.

Joto linakaa kama saa 12 hadi 18, na yai linatoka karibu saa 12 baada ya joto kuisha. Ndiyo sababu mtu wa A.I. husema: ukiona joto asubuhi, mbegu iwekwe jioni, ukiona jioni, mwite kesho yake asubuhi. Mbegu iwe ya Kabete ama ya ng'ambo, haina lawama kama saa zimepita.

Pale yai lilipotoka panaota uvimbe mdogo wa rangi ya manjano. Huo unatoa projesteroni, homoni inayolinda mimba na kuzuia joto lingine. Kama mimba haikushika, karibu siku ya 17 kizazi chenyewe kinatoa prostaglandini, ambayo inaumaliza ule uvimbe. Siku ya 21 hivi joto linarudi. Kwa wengine ni siku 18, kwa wengine 24.

Sasa tufanye hesabu. Mimba ya ng'ombe ni siku 280 hivi, na mwaka una siku 365. Kwa hiyo anayetaka ndama kila mwaka, ng'ombe wake ashike mimba siku ya 85 hivi baada ya kuzaa. Lakini kizazi kinahitaji siku 45 hadi 60 kupona. Zinabaki nafasi moja ama mbili tu! Ukikosa moja, siku 21 zimekwenda na chakula umelisha.

Ng'ombe anayelishwa bandani peke yake hana mwenzake wa kumpanda, na joto nyingi huanza usiku. Mwangalieni alfajiri, mchana, na tena kwa tochi kabla ya kulala. Pengine utaona damu kidogo mkiani. Wengine husema mimba imetoka. Hapana, hiyo huonyesha joto lilipita siku mbili ama tatu zilizopita. Andika tarehe kwenye kalenda, na kuanzia siku ya 16 usimwache macho.

Wako wasiokuja joto kabisa, na mara nyingi shida ni njaa. Aliyezaa juzi anatoa maziwa mengi kuliko chakula anachopata, kwa hiyo anakula mafuta ya mwili wake mwenyewe. Ubongo ukiona hivyo unapunguza zile homoni za ovari. Kama unaweza kuhesabu mbavu zake ukiwa mlangoni, usitafute sindano, tafuta chakula. Nepia iliyozeeka haitoshi. Mpe kaliandra ama desmodiamu, chakula cha duka ukiweza, chumvi ya madini, na maji ya kutosha. Tena anza miezi miwili kabla hajazaa. Lakini kama kondo la nyuma lilichelewa kutoka, ama anatoa usaha wenye harufu, huyo ni mgonjwa. Mwite daktari wa mifugo.

Turudi kwa ile sindano. Mara nyingi ni prostaglandini hiyo hiyo. Inafanya kazi tu kama uvimbe wa manjano upo na umekomaa. Kwa ng'ombe aliyekonda ambaye ovari zimelala, haileti kitu. Na kwa ng'ombe mwenye mimba ambayo hamkuijua, inaondoa kinga ya mimba na ndama anatoka. Kwa hiyo daktari apime kizazi kwanza, ndipo achome. Hata chupa yenyewe si ya kuchezea, kwa maana dawa hii hupenya ngozi. Mama mja mzito asiishike kamwe, wala mwenye pumu, na ikimwagikia mtu yeyote aoshe mara moja kwa maji na sabuni.