Kupanga Safumlalo kwa Jina la Safuwima Lililohifadhiwa katika Kibadilika
Katika pakeji ya data.table ya lugha ya R, jedwali D lenye safuwima wilaya, mwaka na mavuno hupangwa kwa amri D[order(mwaka)]. Tatizo huzuka pale jina la safuwima linapohifadhiwa katika kibadilika, kwa mfano kigezo <- "mwaka". Amri D[order(kigezo)] hailipangi jedwali. Hulipanga neno hilo moja tu, kisha hurejesha safumlalo ya kwanza pekee, bila ujumbe wowote wa kosa. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa uchanganuzi huendelea kwa data iliyopotea.

Njia iliyo bora ni setorderv(D, kigezo), ambayo hupokea majina kama matini, hata yakiwa mawili au zaidi. Hata hivyo, amri hii hulibadilisha jedwali lenyewe, hivyo anayeuhitaji mpangilio wa awali hana budi kutumia copy(D) kwanza. D[order(get(kigezo))] huliacha jedwali asilia kama lilivyo, ila hufaa kwa safuwima moja tu. Aidha, njia hizi hutofautiana kuhusu thamani zinazokosekana: order huziweka mwishoni, ilhali setorderv huziweka mwanzoni isipokuwa na.last = TRUE itajwe. Mtafiti atakayechukua safumlalo kumi za juu huenda akapata wilaya zisizo na mwaka.