Sampuli ya kahawa: upungufu wa kweli au bahati tu?

ARUSHA: Faida ya mzigo wa kahawa ya Arabika kutoka miteremko ya Mlima Meru hutegemea sana madaraja yatakayopatikana baada ya kukoboa. AA ndizo punje kubwa, zikifuatiwa na A, kisha B. PB ni punje ya mviringo iliyoota peke yake ndani ya tunda. Ukubwa hupimwa kwa chekeche, ambalo namba yake huhesabu sehemu za 64 za inchi. Namba 18, kwa mfano, ina matundu ya milimita 7.1 hivi.

Anayekadiria bei kabla ya mzigo wote kukobolewa hana budi kutegemea sampuli, na sampuli mbili za mzigo mmoja hazifanani. Upungufu unapoonekana, mnunuzi atajuaje kama ni wa mzigo wenyewe au ni bahati tu ya uchotaji?

Mwaka 1900, Karl Pearson wa University College, London, alichapisha kipimo kinachojibu swali hilo. Kipimo hicho, kiitwacho kai-mraba, hulinganisha idadi iliyohesabiwa na idadi iliyotarajiwa.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano wa kubuni. Muuzaji anasema kati ya kila punje 100 za mzigo wake, AA ni 30, A ni 30, B ni 30 na PB ni 10. Mnunuzi anahesabu punje 200. Kwa maneno ya muuzaji, anatarajia 60, 60, 60 na 20. Anapata AA 48, A 58, B 70 na PB 24.

Kwa kila daraja, tafuta tofauti, izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya kwa idadi iliyotarajiwa. AA inatoa 2.40, A 0.07, B 1.67 na PB 0.80. Jumla ni 4.93 kwa makadirio.

Jumla hiyo hupimwa kwa jedwali. Madaraja ni manne, lakini matatu yakijulikana la nne hujulikana lenyewe, hivyo husomwa mstari wa 3. Kikomo kinachotumiwa sana, cha nafasi 5 katika 100, ni 7.81. Jumla ya 4.93 haijakifikia. Hata kama muuzaji anasema kweli, tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi ingetokea kwa bahati kama mara 18 katika 100. Upungufu wa punje 12 za AA hautoshi kumshusha bei.

Sampuli ikiongezwa

Sasa mnunuzi ahesabu punje 400 na kupata uwiano uleule: 96, 116, 140 na 48. Jumla inakuwa 9.87, nayo imevuka kikomo. Bahati peke yake ingeleta hali hiyo kama mara 2 tu katika 100. Hapo ana sababu nzuri ya kurudi mezani kujadili bei. Uwiano haukubadilika; kilichoongezeka ni ushahidi. Kwa mwenye fedha kidogo, saa moja ya kuhesabu punje ni rahisi kuliko hasara ya mzigo mzima.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, ingiza idadi ya punje, si kilo wala asilimia. Ukiingiza asilimia, jibu litakuwa la uongo. Pili, kila daraja litarajiwe kuwa na punje 5 au zaidi. Tatu, bambo lipite katika magunia mengi, juu na chini, kwani punje ndogo huweza kujikusanya sehemu moja.

Mwisho, kipimo hakimhukumu mtu. Kuvuka kikomo hakuthibitishi udanganyifu: mvua ikipungua wakati punje zinajaa, hata shamba zuri hutoa punje ndogo, na makadirio ya msimu uliopita hayafai tena. Kutovuka nako hakuthibitishi kwamba muuzaji amesema kweli. Huonyesha tu kwamba sampuli hiyo haijampinga.